Ethel Cecil Chilumba na Mkanda wa Kaki

Wapo waliofika leo hapa Chiwata wakiwa wamesikia habari moja tu ya marehemu, nayo ni ile iliyotoka bombani mwezi wa nane mwaka 2022. Asubuhi hiyo Mama Awadhi, jirani wa nyumba ya tatu, alitua ndoo yake, akajifunga kanga upya kiunoni, akasema mbele ya foleni nzima:

"Jamani, dunia imefika ukingoni. Ethel anatembea na mkwewe alfajiri! Mkwe na mama mkwe, kamba moja, huyu kashika huku, yule kashika kule, na vicheko juu. Nimewaona kwa macho yangu haya."

Kisha akamgeukia Flora, binti wa marehemu, ambaye huyo mkwe ndiye mume wake. "Na wewe Mama Queen, umelala tu?"

Flora alijaza ndoo yake, akajitwisha, akaondoka. Maji yalimwagika njia nzima mpaka nyumbani.

Familia imeanzia hapo kwa sababu Mama Awadhi mwenyewe, aliyeketi pale na akina mama wenzake, alipoleta unga msibani juzi alisema, "Msinifiche. Semeni nilisema. Ila na ukweli wenyewe mseme." Basi ukweli wenyewe ni huu. Aliyeuandika ni Flora, kwa kuwa ndiye aliyekaa na mama mpaka mwisho, na anayeusoma ni kaka yake, Stefano.

Marehemu Ethel Cecil Chilumba alizaliwa hapa Chiwata siku ya Jumapili, tarehe 12 Machi 1961, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mwalimu Cecil Chilumba, aliyefundisha dini katika kanisa letu la Anglikana, na marehemu Dominika. Baba yake alikuwa akipiga kengele ya ibada alipoletewa habari kwamba amepata mtoto wa kike. Kwa furaha akasahau kuacha. Alipiga mpaka watu wakatoka majumbani na ndoo za maji, wakidhani kuna nyumba inaungua. Marehemu alipenda kusema kwamba tangu siku hiyo hakuna tena mtu aliyemkimbilia kwa wingi kiasi kile. Leo mmekimbia tena, ndugu zetu. Asanteni.

Alisoma Shule ya Msingi Chiwata kuanzia mwaka 1970 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1976. Hakuchaguliwa kuendelea. Mwaka uliofuata alikwenda Masasi mjini kwa shangazi yake kujifunza ushonaji, na mwaka 1979 baba yake akamnunulia cherehani ya miguu, hii hii iliyofunikwa kitambaa cheupe pale barazani.

Kwa miaka arobaini na zaidi alishona sare za shule. Hakuwa na haja ya kumpima mtoto mara mbili. Alimwangalia akikimbia uani, akakata kitambaa. Aliacha pindo nene kwa makusudi, ili sketi ikue pamoja na mwenye sketi. Mzazi akiuliza mbona pindo kubwa hivyo, alijibu, "Kwani huyu mtoto unataka abaki hapo hapo?" Miongoni mwenu wapo waliofunguliwa pindo hilo mara tatu.

Tarehe 24 Julai 1982 alifunga ndoa na Gerson Silvesta Mnali kutoka Newala. Kama ilivyo desturi yetu, bwana harusi ndiye aliyehamia ukweni, akajenga nyumba kwenye uwanja wa wazazi wa mke. Kwa hiyo kila siku alikuwa na kazi ya kumheshimu mama mkwe aliyeishi hatua ishirini kutoka mlangoni pake: asimwangalie usoni, asimpe mkono, asile naye, wasikutane njia nyembamba. Siku moja Gerson alikuwa anarudi na baiskeli, akamwona mama mkwe anakuja mbele yake. Hakuwa na pa kupita. Akajitosa na baiskeli yake ndani ya shamba la muhogo, akajilaza. Bibi Dominika akasimama njiani, akautazama muhogo, akasema taratibu:

"Wewe muhogo, mwambie mkwe wangu baiskeli yake imelalia miche yangu."

Muhogo ukajibu kwa sauti ya Gerson: "Naomba radhi, Mama."

Marehemu aliisimulia hiyo mpaka uzee wake, na kila mara alicheka upya. Gerson alifariki mwaka 2011, Flora akiwa na miaka kumi na mmoja.

Watu wengi wanajua kwamba marehemu alijaliwa watoto watatu. Walikuwa wanne. Habari ya huyo wa nne itakuja mahali pake, kwa kuwa hata Flora aliijua kwa kuchelewa, na kwa mdomo ambao hakuutarajia.

Tarehe 14 Juni 2022, siku ya Jumanne, marehemu alikuwa anapinda sketi ya mtoto wa darasa la pili. Mkasi ukamtoka mkononi. Akainama kuuokota, mkono wa kulia haukwenda. Flora alikuwa uani ananyonyesha, na mtoto wake, Queen, alikuwa na miezi minne. Alipomwona mama yake mdomo umekwenda upande, alipiga yowe. Dickson, mume wa Flora, ambaye ni dereva wa bodaboda, alikuwa bado hajatoka. Gari halikupatikana. Wakamweka mama katikati ya pikipiki, Flora nyuma yake na mtoto mgongoni, wakamfunga kwa kanga mbili kwenye mgongo wa mkwe wake, wakateremka Ndanda hospitali.

Ilikuwa kiharusi. Alilala wodini siku kumi na nane. Sauti ilipomrudia, jambo la kwanza hakuuliza kuhusu mguu. Aliuliza, "Nililetwa na nani?" Alipoambiwa, alifunga macho, akasema, "Mpeni kuku. Nimemlalia mgongoni mtoto wa watu." Na kweli, waliporudi nyumbani, Dickson alipewa jogoo mwekundu wa kufuta aibu ile, akampokea kwa mikono miwili huku ameangalia ukutani.

Siku ya kuruhusiwa, kijana wa mazoezi pale hospitalini alimweleza hivi:

"Bibi, mguu umesahau, haujafa. Na moyo nao ni nyama ya kazi kama huo mguu, usipoutumikisha unalegea. Kila asubuhi utembee. Dawa ya presha unywe hata ukijisikia mzima. Chumvi punguza. Tembea mpaka pumzi ipande, lakini uwe unaweza kuongea. Ukishindwa kuongea, umezidisha. Ukiweza kuimba kwaya, unanidanganya."

"Niongee na nani, mwanangu?"

"Na yeyote atakayetembea na wewe."

Hapo ndipo ilipoanza kazi. Flora ndiye aliyetaka kutembea na mama yake. Siku ya pili ya kujaribu, mtoto akiwa mgongoni, mama alijikwaa karibu na choo, wote watatu wakaenda chini. Hakuumia mtu, lakini marehemu alikataa kabisa: "Utaniulia mjukuu. Kwanza mnyonyeshe." Dada yake Flora, Julia, yuko Masasi na biashara yake, Stefano yuko Newala. Nyumbani mwenye nguvu alikuwa mmoja tu, na huyo hawezi kushikwa mkono.

Marehemu alikaa siku nne anafikiri. Siku ya tano aliomba kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye kaptura za wavulana. Alikikata kwa mkono wa kushoto, kikatoka kama kimetafunwa na panya, na Dickson akakishona kwa sindano ya magunia ya korosho. Ukawa mkanda wa urefu wa hatua tatu. Mkwe ashike mwisho mmoja atangulie, asigeuke nyuma. Mama mkwe ashike mwisho wa pili afuate. Akiyumba, auvute, mkwe asimame kama nguzo mpaka atulie. Hakuna aliyemgusa mwenzake, hakuna aliyemtazama mwenzake usoni.

Na kwa kuwa ilikuwa lazima aongee, aliongea na barabara.

"Barabara, mwambie Baba Queen apunguze mwendo, mimi si abiria wake."

"Barabara, mwambie Mama nimepunguza."

"Barabara, mwambie kama huku ndiko kupunguza, basi hao abiria wake wanafika wamekufa."

Hicho ndicho kicheko alichokisikia Mama Awadhi.

Wiki ya kwanza walifika kwenye mkorosho wa kwanza wakarudi. Mwezi wa tisa walifika kwenye kona ya kanisa. Msimu wa korosho ulipoanza walifika shambani, na marehemu akawa anainama kuokota kwa mkono ule mgonjwa, korosho moja moja, anatia kwenye kopo. Mchana alikaa kwenye cherehani isiyo na uzi, akaikanyaga kwa mguu wa kulia, kavu kavu, mpaka kuku wakazoea. Zahanati walimpima Krismasi, presha ikiwa 138 kwa 84, wakati siku aliyougua ilikuwa 196 kwa 112. Muuguzi alimuuliza anatumia dawa gani nyingine. Akasema, "Barabara."

Watu walifurahi. Flora naye alifurahi, na ni lazima iandikwe kwamba kuna kitu kingine kilikuwa kinamla pamoja na hiyo furaha.

Huyu Dickson, kumwamsha asubuhi ilikuwa shughuli. Mke akimwita mara tano anageukia ukutani. Lakini saa kumi na moja na nusu ilipofika, mkanda ukiguswa tu kwenye msumari wake, alikuwa ameshavaa. Flora alibaki jikoni anapuliza moto, anawasikia wanaondoka, anawasikia wanarudi. Wakirudi, uso wa mama yake ulikuwa umechangamka, kuna jambo limesemwa huko, na likifika mlangoni linanyamaza. Kwake yeye yalibaki ya uji, dawa na nepi.

Akamwonea wivu mama yake. Siku nyingine akajikuta anamwonea wivu mume wake, kwamba mama ni wake yeye Flora, ndiye aliyemzaa, mbona mazungumzo anapewa mtu wa kuja? Alikuwa hajui amchukie yupi, basi sufuria ndizo zilizopata tabu. Maneno ya bombani nayo hayakukoma. Alijua kuwa ni ya uongo, akayabeba hivyo hivyo.

Lililozidi lilitokea mwezi wa pili mwaka 2024. Flora alikuwa na ujauzito wa Cecil, miguu imevimba, hana raha. Usiku wanakula, akasema kwa kulalamika tu kwamba hili jina la Queen lilimshangaza, mama alivyolikazania bila kutoa sababu. Dickson akasema, kama mtu anayesema habari ya mvua:

"Si la yule dada yenu wa kwanza? Aliyezaliwa themanini na tatu, akaishi siku tisa."

Flora akaweka tonge chini. "Nani kakwambia?"

"Mama. Yaani, aliiambia barabara."

Flora alikuwa na miaka ishirini na minne. Amelala kitanda kimoja na mama yake mpaka alipoolewa. Amemwogesha, amemlisha. Jina la dada yake mwenyewe akalipata kwa mume wake, juu ya sahani ya ugali.

Asubuhi mkanda haukuwepo kwenye msumari.

Ulitafutwa uvunguni, jikoni, mpaka kwenye banda la kuku. Flora naye alitafuta, tena kwa bidii kuliko wote. Dickson akasema atashona mwingine. Marehemu akamtazama binti yake kidogo, akasema, "Acheni. Kitu kikipotea ndani ya nyumba, hakijatoka nje."

Siku kumi na tisa hakutembea. Alikaa kwenye cherehani yake anakanyaga kavu kavu, goti likigusa droo ya kushoto, na mkanda ulikuwa ndani ya droo hiyo hiyo, chini ya vifungo. Mguu ukaanza kuburuzika tena. Hakulalamika, na hilo ndilo lililokuwa gumu kuvumilia.

Tarehe 11 Machi walikwenda zahanati pamoja, mama kwa presha yake, Flora kwa kliniki ya ujauzito. Mama alikutwa na 172 kwa 100. Muuguzi akakunja uso. "Bibi, umeacha dawa?"

"Dawa nakunywa. Barabara imefungwa."

Akampima Flora. Akapima mara ya pili, mkono wa pili. Ikawa 150 kwa 98. Muuguzi akawatazama wote wawili, mama na binti. "Nyinyi hii kitu mnarithishana kama vitenge. Wewe dada, ukishajifungua, uingie barabarani na mama yako. Umenisikia?"

Walipofika nyumbani, marehemu aliketi kwenye cherehani, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Flora, nitolee uzi mweupe kwenye droo hiyo ya kushoto."

Flora hakusogea.

"Nimejua tangu siku ya kwanza, mwanangu. Droo ilikuwa haifungi vizuri."

Flora akalia. Alilia kama Queen. Akauliza kile alichokuwa amekifungia kifuani mwaka na nusu: "Mama, mbona yeye unamwambia? Mimi nimekukosea nini mpaka huniambii?"

Marehemu alifikiri kwanza. Hakuwa mtu wa kurusha jibu.

"Yeye ananipa mgongo," alisema. "Mgongo unaambilika. Wewe ukinisikiliza unaniangalia usoni, na mimi nikiona macho yako yanajaa, naacha. Ningekwambiaje habari ya mtoto wa siku tisa na wewe una mtoto kifuani?"

Kesho yake mkanda ulikuwa kwenye msumari. Marehemu aliugusa, akasema kwa sauti ili jikoni kusikike, "Barabara, mkanda umetoka likizo." Flora alicheka na moshi ukamwingia puani.

Walitembea tena mwaka mmoja na miezi mitano. Cecil alizaliwa salama mwezi wa tano mwaka 2024, akapewa jina la babu wa mama yake. Presha ya mama ikashuka. Ya Flora haikushuka, na kila muuguzi alipomwambia atembee alijibu kwamba hana nafasi, ana watoto wawili. Huo haukuwa ukweli wote. Hakutaka kuingia kwenye barabara ya watu. Wivu ulikuwa umepungua makali tu, haukuwa umeondoka, na mama yake alilijua hilo kama alivyojua habari ya droo.

Mwishoni mwa mwezi wa nane mwaka huu marehemu alianza kuchoka mapema. Pumzi ilipanda kabla ya kona ya kanisa, na maneno yakakatika. Dickson alisikia kwenye mkanda kabla hajasikia kwenye sauti. Walimpeleka hospitali siku ya Jumapili, na madaktari wakasema moyo umechoka. Walimhudumia kwa kila walichoweza, familia inawashukuru sana. Alifariki Jumatano, tarehe 3 Septemba 2025, saa moja asubuhi, muda ambao siku zote alikuwa anarudi kutoka shambani. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha watoto watatu, Stefano, Julia na Flora, mkwe wake Dickson, ambaye tangu Jumatano hajakaa kitini, wajukuu saba, jirani yake Mama Awadhi, na watoto wa shule wasiohesabika ambao mapindo yao bado hayajafunguliwa. Ametanguliwa na mumewe Gerson na binti yake wa kwanza, Queen, aliyezaliwa na kufariki mwaka 1983. Jina hilo linasomwa leo mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Mungu ampe Ethel raha ya waliofika safari yao, maana alitembea kila alipoambiwa atembee, na zaidi.

Limebaki jambo moja. Jumatatu jioni, pale wodini, Dickson alikuwa nje ya mlango, amegeukia ukumbini kwa heshima. Marehemu alimwita Flora asogee. Sauti ilikuwa ndogo. Alimwomba amgeuzie mgongo, akae hivyo kitandani, asimtazame. Flora akageuka. Mama yake akamwekea begani kitu laini, na mkono ulipokishika ukakijua: ni mkanda. Alikuwa amekuja nao kutoka nyumbani, ndani ya kanga.

"Msinizike nao," akasema. "Baba Queen ataamka saa kumi na moja na nusu, hajui kulala tena saa hizo. Mwisho wangu ushike wewe. Ufuate nyuma, usimtazame usoni, umwambie yote uliyonuna nayo. Na uongee, mwanangu. Ukishindwa kuongea, umezidisha."